Kiraka cha Uzi wa Manjano

Mkono ndio ulioonekana kwanza.

Mfuaji wa zamu ya asubuhi alikuwa akitoa mashuka machafu kwenye toroli la tatu na kuyatupa sakafuni, huku akijiimbia. Akavuta shuka moja, likagoma. Akavuta tena kwa hasira. Shuka lilikuja, na mkono wa mtu ukaja nalo. Wimbo ulikatikia hapo hapo.

Inspekta alifika saa mbili na nusu akiwa na kijidonda kibichi kidevuni, kwani simu ya kituo ilimkuta katikati ya kunyoa ndevu. Hakupenda kuharakishwa, na siku hiyo ilikuwa imeshamharakisha kabla hajanywa hata chai.

"Unamfahamu?" alimuuliza mfuaji.

"Nani asiyemfahamu? Ni Babu Kiraka, fundi wetu wa cherehani. Miaka kumi na tisa anashona mashuka ya hospitali hii." Yule mama alijifuta macho kwa aproni. "Jana tu ametufanyia utani hapa. Sasa mtu kama huyu amemkosea nani?"

Inspekta aliinama juu ya toroli. Mzee alilala kiubavu, amejikunja, miwani yake ikining'inia kwenye sikio moja. Nyuma ya kichwa kulikuwa na jeraha, na damu ilikuwa imekauka kwenye mvi. Lakini ndani ya toroli damu ilikuwa kidogo mno kwa jeraha la namna ile.

"Hakuumizwa humu," alisema. "Aliletwa. Sajini, hesabu mashuka yote yaliyokuwa juu yake."

"Afande, mashuka machafu?"

"Vaa glavu. Na idadi iwe yetu sisi wawili."

Sajini alikuwa mtu wa kufunga jalada kabla chai haijapoa, na kazi ya kuhesabu nguo zenye usaha na matapishi hakuiona kuwa ni upelelezi. Alihesabu akiwa amegeuza uso pembeni. Yalikuwa kumi na manane. Akaandika, akanawa mikono mara mbili, na kwa saa nzima hakumsemesha bosi wake.

Karakana ya Babu Kiraka ilikuwa mlango wa pili kutoka pale. Cherehani, kiti chenye mto, meza ya chuma, na rili za uzi zimetundikwa ukutani kwa misumari. Kila kitu kilikuwa na vumbi jeupe la pamba, isipokuwa kona moja ya meza. Kona ile iling'aa.

"Mtu ameifuta," Inspekta alinong'ona. Akapiga magoti, akamulika tochi chini ya meza. Kwenye ukingo wa ndani, mahali ambapo anayefuta kwa haraka hafiki, palikuwa na matone mawili ya damu.

Kwa hiyo mzee aligonga kichwa hapa, akavuja damu hapa. Damu ile iliingia kwenye kitu gani? Sakafu ilikuwa safi, na mapipa ya takataka yalikuwa na vipande vya nyuzi tu.

Sajini alirudi akiwa amechangamka.

"Afande, kesi imekwisha. Jana saa kumi na moja jioni mzee aligombana na mkwewe hapa mlangoni. Mkwe ni huyu anayeendesha mashine ya kufulia. Mashahidi watatu wamemsikia akisema, 'Mzee, nitakuua.' Nimeshamtia pingu."

"Binti wa mzee yuko wapi?"

Uchangamfu wa Sajini ulipungua. "Yuko wodi ya wazazi. Amejifungua leo alfajiri, mtoto wa kike. Hajui chochote. Kila mara anawauliza manesi baba yuko wapi, mume wangu yuko wapi. Wanamwambia wanakuja."

Inspekta alizima tochi. Mwanamke mmoja, siku moja, baba amekufa na mume yuko kwenye pingu. Akikosea yeye hapa, yule mama atamlea mtoto akimwambia kwamba baba yako ndiye aliyemuua babu yako. Hakutaka hata kidogo iwe hivyo kwa sababu ya haraka ya Sajini.

Mkuu wa kituo alipiga simu saa hiyo hiyo. Alitaka mtuhumiwa apelekwe mahakamani saa nane mchana.

* * *

Stoo ya mashuka safi ilisimamiwa na mwanamke wa makamo, mnyoofu, gauni lake la kazi limenyooshwa hadi likasimama lenyewe. Hospitali nzima ilimwita Mama Kamili. Jina hilo alilipata kwa sababu kila alipomaliza kuhesabu alisema neno moja tu, "Kamili," kisha akafunga daftari. Ukutani nyuma yake zilitundikwa hati za pongezi, moja kwa kila mwaka.

"Pole kwa msiba, mama."

"Tumeshapoa, mwanangu. Mzee wetu alikuwa mtu wa watu." Macho yake yalishuka kwenye shingo ya Inspekta. "Kola yako ina damu. Loweka kwa maji baridi na chumvi. Usithubutu maji ya moto, yataigandisha hapo maisha."

Inspekta aligusa kola yake akaona haya kidogo.

"Kuna kilichoibwa au kupungua tangu jana?"

"Kwangu?" Alicheka kwa pua. "Miaka ishirini na miwili haijapungua hata foronya. Wenzangu hospitali nyingine wanalia. Wagonjwa wanaondoka na mashuka, ndugu wanaficha kwenye mabegi. Kwangu, thubutu."

"Nifundishe basi. Unahesabuje?"

Aliuliza kwa adabu, na mama yule akafurahi kuulizwa. Kila kitanda kina mashuka matatu, alisema. Moja limetandikwa, moja linafuliwa, moja limepumzika kwenye rafu. Wodi ya wazazi ina vitanda arobaini, kwa hiyo mia na ishirini. Kila wodi ina rangi yake ya utepe kwenye pindo: bluu ya wazazi, nyekundu ya upasuaji, kijani ya kutengwa, kule wanakolazwa wenye magonjwa ya kuambukiza. Lililotoka kufuliwa huwekwa chini kabisa ya rundo, ili mashuka yote yachakae kwa zamu.

"Na leo umehesabu?"

"Saa moja asubuhi, kabla hata ya huyo mfuaji kupiga mayowe. Wazazi mia na ishirini. Kamili."

"Funguo za stoo anazo nani?"

Alivuta uzi shingoni, na ufunguo mmoja ukatoka kifuani. "Huu tu. Naoga nao."

Inspekta alishukuru akaondoka. Alitembea hatua kumi, akasimama, akamtazama yule mama kupitia dirisha. Alikuwa akihesabu tena.

* * *

Mkwe alikuwa kijana mpana wa mabega, macho yamevimba. Mikono yake yenye pingu ilikuwa myeupe kwa sabuni ya miaka mingi.

"Ulisema utamuua?"

"Nilisema."

"Ukamuua?"

"Afande, yule ni baba yangu! Baba mkwe, lakini mimi sina mwingine." Aliinua mikono yenye pingu. "Mara mia nimewahi kumwambia mke wangu 'nitakuua' akinifichia soksi. Ni maneno tu."

"Mligombania nini?"

"Shuka."

Sajini aliguna. Inspekta alimtazama kwa jicho moja, naye akaacha kuguna.

"Endelea."

"Jana saa kumi, saa ya kuwaona wagonjwa. Mke wangu ameshashikwa na uchungu, analia. Mzee kakaa kitandani kwake, kamshika mkono. Ghafla naona anainamia shuka, anavaa miwani, anapapasa. Kisha anamwambia, 'Inuka kidogo, mwanangu.' Anamvuta shuka chini yake! Mtu yuko katika uchungu, Afande, analazwa juu ya plastiki tupu, watu wanatazama. Nesi anapiga kelele, mzee hasikii. Anakunja shuka, anaondoka nalo."

"Bila kusema kwa nini?"

"Nilimfuata mpaka karakana. Nikamwambia, mzee, umerukwa na akili? Akanionyesha kiraka, kama kiganja hivi, karibu na kona. Akasema, 'Huu ni mkono wangu, na uzi huu si wa wodi ile.' Nilikuwa na hasira, sikuelewa. Nikamwambia nitakuua, nikarudi kwa mke wangu. Nesi wa zamu anajua, sikubanduka pale mpaka asubuhi."

"Uzi ulikuwa wa rangi gani?"

"Manjano."

"Na manjano ni ya nini? Tepe ninazozijua ni bluu, nyekundu na kijani."

Kwa mara ya kwanza kijana alitabasamu, kisha tabasamu likamuuma. "Ilikuwa siri yake. Alishona viraka vya kila wodi kwa uzi wake mwenyewe, ili likirudi kwake ajue lilikotoka hata utepe ukiwa umenyofoka. Hakumwambia mtu. Mimi aliniambia siku aliponipa binti yake, utadhani ananionyesha hazina. Manjano ilikuwa ya wodi ya kutengwa."

Inspekta aliweka kalamu mezani polepole. Shuka la wodi ya kutengwa lilikuwa limevaa utepe wa bluu, na mwanamke wa kujifungua alilazwa juu yake.

"Sajini, kwenye karakana ulikuta shuka lenye kiraka?"

"Hapana, Afande."

"Kwenye yale kumi na manane?"

"Hapana. Niliyaangalia moja moja, naomba nisiendelee."

"Basi mzee aliondoka na shuka moja la wazazi, na halikurudi wodini. Karakana halipo. Torolini halipo. Wodi ya wazazi ilipaswa kuwa na mashuka mangapi leo asubuhi?"

Sajini alikunja uso, akahesabu kwa vidole.

"Mia na kumi na tisa."

"Na Mama Kamili amenihakikishia ni mia na ishirini."

Sajini alihesabu vidole upya.

"Mfungue pingu," Inspekta alisema.

"Lakini mkuu amesema saa nane—"

"Mfungue. Mkuu niachie mimi."

* * *

Daktari wa uchunguzi wa maiti aliwakuta kwenye korido, barakoa ikiwa bado shingoni. Alizoea kuzungumzia vifo kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, lakini safari hii alikwepa kuwatazama machoni.

"Jeraha la kisogoni si lililomuua. Fuvu halikupasuka. Lilimzimisha tu."

"Nini basi?"

"Kukosa hewa. Puani, kooni, mpaka kwenye mapafu nimekuta nyuzi za pamba. Mtu mfu havuti pamba, Inspekta. Aliwekwa torolini akiwa anapumua, na aliendelea kupumua kwa muda. Nusu saa, huenda zaidi."

Kutoka chumba cha kufulia hadi mlango wa wagonjwa wa dharura palikuwa na hatua arobaini. Inspekta alikuwa amezipita asubuhi ile mara nne.

"Swali lingine, daktari. Mashuka ya wodi ya kutengwa yakoje?"

"Yale ya zamani? Tuliagiza yateketezwe miezi sita iliyopita, baada ya ule mlipuko wa vidonda. Arobaini. Mama Kamili alitia sahihi kwamba yameingia tanurini." Daktari alisita. "Kwa nini? Wodi ya wazazi mwezi huu nimepata akina mama wawili wenye vidonda nisivyovielewa."

Inspekta alikuwa ameshaanza kukimbia.

* * *

"Umerudi, mwanangu," alisema Mama Kamili. "Na kola bado."

"Naomba kuona rundo la wazazi."

"Limepangwa."

"Nitalipanga tena mwenyewe."

Hakuanzia juu. Askari wote huanzia juu, na mwenye kuficha kitu hukisukuma nyuma au katikati. Inspekta aliinua rundo zima kwa mikono miwili, Sajini akashika upande wa pili, na akachomoa shuka la chini kabisa.

Lilikuwa na ubaridi wa unyevu. Lilipigwa pasi likiwa halijakauka vizuri, na kwenye mikunjo kulikuwa na ukungu mweupe, mwembamba. Inspekta aliukwangua kwa ukucha. Chumvi. Akalikunjua juu ya meza. Karibu na kona palikuwa na kiraka cha ukubwa wa kiganja, kimeshonwa vizuri ajabu, kwa uzi wa manjano. Pembeni yake utepe wa bluu ulikuwa mpya, nao umeshonwa ovyo, mshono wa mtu mwingine.

Mtaalamu wa maabara, aliyeitwa kutoka kituoni, alipuliza dawa yake ya kufichua damu iliyofuliwa. Sajini alizima taa na kufunga mlango. Kwenye giza, katikati ya shuka, doa pana la damu liling'aa bluu.

Taa iliwashwa. Mama Kamili alikuwa palepale aliposimama, mkono umeshika ufunguo shingoni.

"Una haki ya kukaa kimya, mama," Inspekta alisema. "Utakalosema linaweza kutumika mahakamani."

"Mkwe wake ndiye mwenye mashine. Amelifua yeye."

"Amelifua yeye, kisha akapita ukutani akaliweka kwenye rafu yako? Tena chini ya rundo, kwa utaratibu wako?"

"Sijui."

"Mimi ningekuwa muuaji, shuka lenye damu ningelitia kwenye tanuri la taka. Liko hapo nje, linawaka kutwa. Au ningelizika. Mtu yeyote angefanya hivyo. Lilikuwa limekwisha kuteketezwa kwenye karatasi, mama. Hakuna ambaye angelitafuta. Kwa nini hukulitupa?"

"Ningelitupaje?" alisema Mama Kamili kwa mshangao wa kweli. "Wazazi wangekuwa mia na kumi na tisa!"

Sajini aliacha kuandika. Yule mama mwenyewe ndiye aliyechelewa kusikia alichokisema. Kisha akakaa juu ya bunda la mablanketi.

"Mashuka ya wazazi yalipungua kweli, sivyo?" Inspekta aliuliza, sasa kwa sauti ya chini.

"Arobaini." Alilitamka neno hilo kama mtu anayetapika. "Moja leo, moja mwezi ujao. Yalichanika, yalibebwa. Miaka na miaka niliandika kamili. Ningesemaje sasa? Hizi hati zote ukutani! Kisha mwaka huu likaja agizo la kuhesabiwa upya na watu wa nje. Na hapo hapo daktari ananiletea arobaini mazima ya kuchoma. Arobaini, Inspekta! Nani angeweza kuyachoma?"

"Mtu aliyeambiwa yanaua."

"Niliyachemsha mara tatu! Yalitoka meupe kuliko mapya. Nikabadilisha tepe mwenyewe nyumbani. Niliona viraka, sikuona nyuzi. Nani anaangalia nyuzi?"

"Fundi aliyezishona."

Alianza kulia, bila sauti. "Alinijia jana nikifunga stoo. Akaniita karakana. Akasema, 'Dada, binti yangu amelala juu ya hili.' Nikamwomba anipe wiki moja tu, wahesabuji wapite, kisha nitayatoa kidogo kidogo. Akakataa. Akasema anakwenda kwa daktari sasa hivi. Nikalishika shuka, naye akalishika. Tukavutana kama watoto. Likamponyoka, akaanguka kinyumenyume kwenye kona ya meza. Damu ikajaa shuka. Nilijua amekufa."

"Ulimpima mapigo?"

"Hapana."

"Ukamtia torolini, ukamfunika."

"Ndiyo."

"Kwa mashuka mangapi?"

"Kumi na manane," alijibu papo hapo.

Sajini alimtazama Inspekta, kisha akaangalia karatasi yake ya asubuhi.

"Alikuwa anapumua, mama," Inspekta alisema. "Pamba ya mashuka yako imekutwa mapafuni mwake. Dharura ilikuwa hatua arobaini."

Mama Kamili alitikisa kichwa, akatikisa tena.

"Nilisikia kitu," alisema hatimaye. "Nikiwa kwenye la kumi na mbili. Nikajiambia ni bomba la maji."

Sajini alimfunga pingu, na alipomwinua alifanya hivyo bila upole wowote. Mlangoni yule mama aligeuka, akalitazama shuka lililokuwa kwenye mfuko wa ushahidi.

"Mtatia sahihi kwamba mmelichukua?" aliuliza.

* * *

Hadi saa nane mchana wodi ya wazazi ilikuwa imevuliwa nguo. Mashuka mia na ishirini yalitolewa yote, yenye viraka na yasiyo navyo, kwa kuwa hakuna aliyeweza tena kuyatofautisha. Akina mama walikaa juu ya magodoro ya plastiki, watoto wamefungwa kwa nguo zao wenyewe.

Mkwe alikuwa ameshafika. Alipiga magoti kando ya kitanda cha mkewe, kichwa kimelazwa pajani mwake, na Inspekta aliwaona wote wawili mabega yakitikisika, akajua habari imeshasemwa. Alitaka kugeuka arudi. Yule mwanamke alimwona kwanza.

"Ni wewe uliyemtoa mume wangu?"

"Ni baba yako aliyemtoa, dada. Kwa kiraka chake."

Alimweleza kwa maneno machache, na hakuficha chochote isipokuwa ile nusu saa. Mtoto alilala kwenye koti kuukuu la fundi cherehani, ambalo pindo lake lilikuwa limejaa sindano, na manesi wakazichomoa moja moja. Mwanamke alisikiliza mpaka mwisho, kiganja chake kikipapasa plastiki ya godoro.

"Aliponivua shuka nilimfokea," alisema. "Nilimwambia, baba, niache, unaniaibisha. Akanifunika kwa hili koti. Akasema nisikubali kutandikiwa lolote la hapa, yeye anarudi na lingine."

Alimvuta mtoto karibu.

"Manesi walileta mara mbili nikakataa. Nimemzaa huyu juu ya plastiki, nikimsubiri."